Geuza Picha Uone Mgongo Wake

Tangu nilipoandika katika safu hii kuhusu michoro mitatu ya penseli niliyoinunua kutoka Torino, Italia, barua zilizofika hapa Nakuru zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu atajuaje kwamba kazi aliyonayo, au anayotaka kuinunua, ilitoka kweli katika mkono wa Mwitalia wa karne ya 19? Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Mpendwa Mwalimu, pokea salamu kutoka Section 58, Nakuru. Mwaka jana, katika mnada wa vyombo vya nyumba ya shamba moja huko Njoro, nilinunua kwa shilingi 8,000 picha ya ghuba ya Napoli yenye mlima Vesuvius unaofuka moshi. Fremu yake ni ya rangi ya dhahabu, picha yenyewe inang'aa kwa vanishi, na chini upande wa kulia pana sahihi isomekayo Gigante. Mwanangu amepekua intaneti akaniambia kwamba Giacinto Gigante alikuwa mchoraji mkubwa na kwamba nimeokota mali. Je, ni kweli?

Mwanao hajakosea kuhusu mchoraji, ila jina lililoandikwa pembeni mwa picha ndilo jambo jepesi kuliko yote kughushi. Gigante alizaliwa Napoli mwaka 1806 akafariki huko huko mwaka 1876, na alikuwa nguzo ya kundi la wachoraji wa mandhari liitwalo Shule ya Posillipo, lililokua kumzunguka Mholanzi Anton Sminck van Pitloo. Sifa yake kubwa aliipata kwa rangi ya maji juu ya karatasi, mara nyingi mistari ya penseli ikionekana chini ya rangi. Kwa hiyo neno lako "inang'aa" limenitia shaka kabla hata sijaiona picha yenyewe, kwa kuwa kazi ya rangi ya maji kwa kawaida haipakwi vanishi.

Ninavyoisoma barua yako, huenda ulicho nacho ni oleografu, yaani picha iliyochapwa kwa mawe kadhaa, kila jiwe na rangi yake, kisha ikagandamizwa ili ipate mikunjo ya kitambaa na kupakwa vanishi ili ifanane na kazi ya rangi ya mafuta. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 picha za namna hii zilichapwa Ulaya kwa wingi mno, na sishangai moja kuonekana sebuleni mwa nyumba ya shamba Njoro. Njia ya kuzitambua ni rahisi. Azima kwa fundi wa saa lenzi inayokuza mara 10 uitazame anga ya picha yako. Rangi iliyopakwa kwa brashi huonekana ikipanda na kushuka, moja ikilalia nyingine, ilhali rangi iliyochapwa huvunjika kuwa vitone vidogo vilivyotawanyika. Baada ya hapo zima taa ya chumba, uwashe tochi ya simu ukiilaza ubavuni mwa picha. Ukiona mikunjo inayopita angani, baharini na mlimani kwa mtindo mmoja, bila kufuata umbo la kitu chochote, ujue imetiwa kwa mashine.

Hata ikibainika kwamba imechorwa kwa mkono, bado haijawa kazi ya Gigante. Vesuvius ulikuwa riziki ya mafundi wengi wa Napoli, ambao walichora milipuko yake, ukiwemo ule wa 1822 na ule wa 1872, kwa rangi nzito ya maji, wakaandika tarehe chini yake katika ukanda mweusi na kuwauzia wasafiri kama ukumbusho. Nyingi za picha hizo hazina jina la mchoraji, na nzuri kati yake zina thamani yake bila kuazima jina la mtu mwingine.

Nikushauri jambo ambalo ningependa kila msomaji alifanye kabla ya kufurahia chochote: igeuze picha uutazame mgongo wake. Upande wa mbele ulitengenezwa ili upendeze, na kwa sababu hiyo ndio unaoghushiwa kwa bidii, lakini wa nyuma wengi huusahau. Turubai ya karne ya 19 kwa kawaida imevutwa juu ya mbao zenye kabari kwenye pembe, ikapigiliwa misumari midogo yenye kutu, na mara nyingine ina muhuri wa duka lililoiuza. Pini za stepla zinaonyesha kwamba mtu wa karne ya 20 au ya sasa ameigusa, ingawa huenda aliivuta upya tu. Tafuta pia lebo za maonyesho: vyama vya kukuza sanaa vilivyoitwa Promotrice, kile cha Torino kikiwa kimeanzishwa mwaka 1842, vilifanya maonyesho ya kila mwaka na kuchapa orodha zake, na lebo ya namna hiyo yenye nambari inayolingana na orodha ina uzito kuliko sahihi kumi. Halafu nenda dukani kwa muuzaji mwenye ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia, umwombe dakika mbili. Vanishi ya kale hutoa mng'ao wa kijanikibichi, na sahihi iliyoongezwa juu yake baadaye huonekana kama doa jeusi linaloelea. Karatasi ikitoa mwanga mweupe wa samawati, basi ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumiwa viwandani katikati ya karne ya 20, na Gigante hakuishi kuiona.

Kama fremu ni ya mbao iliyopakwa dhahabu ya kweli, bado hukupoteza shilingi zako 8,000.

Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako hapa Ahero. Niliona katika kitabu cha maktaba picha za ng'ombe za Giovanni Fattori, zikanikumbusha marehemu baba akilima Kano kwa nira na plau. Nimeweka akiba ya shilingi 60,000. Je, naweza kupata kazi ya Fattori, na kama siwezi, nianzie wapi?

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa imetaja jambo ambalo wakusanyaji wenye fedha nyingi mara nyingi hawalioni. Fattori alizaliwa Livorno mwaka 1825, akafundisha katika akademia ya sanaa ya Firenze, akafariki mwaka 1908. Kwa miaka mingi aliwachora ng'ombe wenye pembe ndefu na wachungaji wapanda farasi wa Maremma, nchi ya kinamasi iliyokuwa na malaria, na hakumpamba mnyama wala mchungaji. Ng'ombe wake wanavuta mzigo kwa shingo zilizoinama, na jua linawachoma kama linavyowachoma wa kwenu. Yeye na wenzake, akina Silvestro Lega na Telemaco Signorini, walikutana katika mkahawa wa Michelangiolo mjini Firenze na kuamua kwamba picha haijengwi kwa mstari uliokamilishwa bali kwa mabaka ya mwanga na kivuli yanayokaa ubavu kwa ubavu. Mwaka 1862 gazeti moja liliwadhihaki kwa jina la Macchiaioli, kutokana na neno macchia, ambalo kwa Kiitalia ni doa na pia ni kichaka wanamojificha wahalifu, nao wakalipokea jina hilo wakaishi nalo. Kazi zao nyingi ni ndogo mno, baadhi zikiwa zimechorwa juu ya vifuniko vya masanduku ya sigara. Picha ya Fattori ya wanawake chini ya kivuli cha hema ufukoni, ya mwaka 1866, ina kimo cha sentimita 12 na upana wa sentimita 35 tu, nayo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za karne hiyo nchini Italia.

Shilingi 60,000 ni takriban euro 400. Kwa fedha hizo hutapata picha ya rangi ya Fattori, na ukionyeshwa moja kwa bei hiyo funga mkoba wako, kwa maana yeye ni miongoni mwa Waitalia walioghushiwa sana. Lakini Fattori alichora pia kwa sindano na asidi juu ya sahani za zinki, na machapisho ya sahani hizo huonekana minadani. Chapisho la namna hii ni kazi halisi ya msanii, si nakala, ingawa si mchoro wa pekee. Tahadhari moja tu: baadhi ya sahani zilichapwa tena baada ya kifo chake, na machapisho hayo ya baadaye yana thamani ndogo zaidi, hivyo muulize muuzaji kwa maandishi ni chapa ya wakati gani, na asipojibu, uache.

Mimi kama ningekuwa na akiba yako ningeanza na karatasi zisizo na jina. Mwanafunzi wa akademia ya Firenze, Milano au Napoli alifundishwa kwa kuchora kwanza sanamu za plasta, kisha mtu aliye hai, siku baada ya siku, kwa makaa au chaki, na mazoezi hayo yamebaki kwa maelfu. Mgongo wa mtu aliyeegemea fimbo, mkono ulioshika kamba, kichwa cha mzee: karatasi za namna hiyo hupatikana kwenye minada midogo ya Italia kwa euro 100 hadi 300, na hakuna mtu mwenye sababu kubwa ya kuzighushi, kwa kuwa hazina jina la kuuzia. Tazama kama mstari umesahihishwa, bega likiwa limechorwa mara mbili kwa sababu la kwanza halikumridhisha mchoraji. Anayenakili anajua bega litakaa wapi tangu mwanzo, kwa hiyo mstari wake hauna wasiwasi. Tazama pia kama kuna miraba iliyochorwa kwa wepesi juu ya umbo, kwa maana hiyo ilitumika kulihamishia umbo kwenye turubai kubwa, na huenda siku moja ukaitambua picha iliyozaliwa na karatasi yako. Sijui furaha inayoishinda hiyo.

Ukipanda ngazi kidogo, jihadhari na familia za wachoraji. Akina Palizzi walikuwa ndugu wanne, na mashuhuri kati yao kwa picha za wanyama ni Filippo, aliyeishi kuanzia 1818 hadi 1899. Akina Induno wa Milano walikuwa wawili, Domenico na Gerolamo. Akina Carelli wa Napoli, baba na wana, walichora ghuba ileile. Sahihi yenye jina la ukoo peke yake huuzwa kwa bei ya ndugu aliye ghali, na mnunuzi hugundua baadaye kwamba amemlipia Filippo akapewa kaka yake.

Usitumie zaidi ya nusu ya akiba katika bei ya mnada yenyewe. Dalali huongeza kamisheni yake juu ya bei, mara nyingi robo nzima au zaidi, kisha kuna usafirishaji na ushuru, na wageni wengi hulipa somo hili kwa machozi.

Mwalimu, nina picha ya zamani ya mafuta niliyoachiwa na mwajiri wangu wa zamani. Imeingia moshi wa jikoni. Jirani ameniambia niisugue kwa kiazi kilichokatwa. Ni salama? – Kakamega

Dada yangu, la. Maji ya kiazi huingia katika nyufa na kuacha wanga, wanga huwaita wadudu na ukungu, na msuguano hung'oa rangi iliyokwisha kulegea. Vivyo hivyo kwa kitunguu, mkate, sabuni na spiriti. Ipanguse vumbi kwa brashi laini na kavu, kama rangi haimeguki, kisha uiache na moshi wake hadi uipeleke kwa mtaalamu. Uchafu unaweza kusubiri miaka 20, bali rangi iliyong'oka hairudi.

Bwana Mwalimu, kutoka Bungoma. Katika orodha za minada ninaona maneno yanayobadilika: mara "Domenico Morelli", mara "imehusishwa na Morelli", mara "mzunguko wa Morelli". Je, kuna tofauti? Na je, sheria ya Italia inaruhusu kazi hizi kutoka nchini?

Tofauti ipo, na ni ya fedha nyingi. Jina la mchoraji, kama huyu Morelli wa Napoli, likiandikwa peke yake, bila neno jingine, dalali anasema kwamba kwa maoni yake kazi ni ya mtu huyo. Ikisemwa "imehusishwa", anadhani lakini hathubutu kuapa. "Karakana" ni kazi ya wasaidizi wake, "mzunguko" ni ya mtu wa wakati wake aliyekuwa karibu naye, "mfuasi" huenda hakumwona kamwe, na "kwa mtindo wa" yaweza kuwa ya juzi. Lililo hatari zaidi ni "ina sahihi ya", ambalo kwa lugha ya minada maana yake ni kwamba sahihi ipo na dalali haiamini. Nimeona watu wenye elimu wakilisoma kinyume kabisa.

Kuhusu sheria, Italia ina kanuni ya mali za utamaduni ya mwaka 2004, iliyorekebishwa mwaka 2017. Kazi ya msanii aliyekwisha kufariki, ikiwa ina zaidi ya miaka 70, haiwezi kutoka nchini bila cheti cha serikali ikiwa thamani yake inazidi euro 13,500. Ikiwa chini ya hapo, mwenye kuisafirisha hutoa tamko mbele ya ofisi ya usafirishaji ya Wizara ya Utamaduni, kwa hiyo hata mchoro wa euro 150 unahitaji karatasi, ila si cheti chenyewe. Kazi yenye thamani kubwa yaweza kunyimwa cheti ikabaki Italia, na mnunuzi wa kigeni akajikuta ana mali asiyoweza kuipeleka nyumbani. Mwulize dalali kabla ya mnada, si baada yake, kama cheti kimekwisha kutolewa na ni nani atakayelipia matayarisho. Kazi iliyokwisha kutoka Italia zamani kihalali na inayouzwa London au Paris ina sheria za huko, na kwa mnunuzi wa hapa mara nyingi ni safari fupi zaidi.

Mzigo ukifika, wakala wako wa forodha autangaze chini ya kifungu cha 9701 kama ni picha au mchoro wa mkono, na 9702 kama ni chapisho halisi la sahani au jiwe. Wakala asiyejua huandika 4911, ambacho ni kifungu cha picha za kuchapwa za kawaida, na hapo maneno ya risiti yako na ya fomu yake yanaanza kupingana. Risiti iseme wazi jina la msanii au kwamba hajulikani, malighafi, vipimo na umri.

Jambo moja zaidi kwa wapenzi wa michoro. Ukiona muhuri mdogo pembeni mwa karatasi, herufi mbili ndani ya duara au umbo la ngao, usidhani ni uchafu. Wakusanyaji wa Ulaya walizipiga karatasi zao mihuri, na Mholanzi Frits Lugt aliikusanya katika kitabu kikubwa mwaka 1921, akaongeza kingine mwaka 1956. Siku hizi orodha hiyo inasomwa bure kwenye intaneti. Kwa njia hiyo nilijua kwamba mmoja wa michoro yangu mitatu uliwahi kulala katika kabati la mtu ambaye nisingemjua kamwe.

Mwalimu, naishi Milimani, Kisumu, karibu na ziwa. Nina mchoro wa rangi ya maji wa Venezia ulioanza kutoa madoadoa ya kahawia, na nyuma ya kioo kuna kitu kama pamba ya kijivu. Nifanye nini?

Hiyo pamba ni ukungu ulio hai, na usiupanguse leo. Hewa ya Kisumu ina joto na unyevu, na karatasi iliyogusana na kioo hunyonya jasho la kioo kila alfajiri. Hapa Nakuru, tulio juu zaidi na penye ukavu zaidi, tatizo hilo ni dogo, lakini nasi tuna la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa fundi wa fremu mmoja mchoro wangu wa chaki nyekundu, naye kwa nia njema akaubandika wote kwa gundi juu ya hadibodi. Katika miaka mitatu karatasi iligeuka rangi ya chai, kwa sababu asidi ya ubao huo ilihamia ndani yake, na gundi haikubali kutoka. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake, kwa maana sikumwambia ninachotaka.

Kwa hiyo, toa mchoro wako kwenye fremu, ukiwa umefunga kitambaa puani na mdomoni, nje ya nyumba, mbali na picha nyingine. Uweke mahali pakavu penye upepo wa feni usioelekezwa juu yake, wala usiuanike juani, kwa maana rangi za maji hufifia kwa mwanga na hazirudi. Baada ya siku chache pamba hiyo itakauka iwe unga, na hapo ndipo utakapoipangusa kwa brashi laini kuelekea nje. Madoadoa ya kahawia yaache: kuyatoa ni kazi ya mtaalamu wa karatasi, na dawa ya kufulia nguo itakula rangi pamoja na doa. Kabla ya kurudisha kwenye fremu, oshea kioo mbali na karatasi, tupa ubao wa nyuma wa zamani, na umwagize fundi kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, ili karatasi isiguse kioo. Mchoro ushikiliwe kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano, upande wa juu pekee, wala si kwa selotepu. Bandika vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na uchague ukuta wa ndani usiopakana na bafu wala usiopigwa na jua la jioni litokalo ziwani. Kipima unyevu kidogo kinanunuliwa kwa bei nafuu. Kikionyesha zaidi ya asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo, ishushe picha ukutani uihifadhi kabatini pamoja na pakiti za silika hadi mvua zikatike.

Ukiwa umeitoa kwenye fremu, kabla ya kuirudisha, nipigie picha upande wa nyuma wa karatasi, taa ikiwa nyuma yake, unitumie. Wachoraji wengi wa rangi ya maji walitumia karatasi nzito yenye alama ya kiwanda inayoonekana kwenye mwanga tu, na wakati mwingine alama hiyo hubeba mwaka.